Kuchagua redio skana ya mkononi: anza na unachotaka kusikia

Redio ya kwanza niliyonunua ili nisikilize ndege ilinyamaza mwezi mzima. Muuza duka alinionyesha namba 118 hadi 136 kwenye kioo chake, akasema, "Kaka, hii inashika kila kitu," nami nikalipa. Kila jioni nilikaa kibarazani Mombasa, ndege zikinipitia juu kwenda kutua uwanja wa Moi, na redio haikutoa neno. Kulikuwa na mkwaruzo tu, na mkwaruzo wenyewe ulififia kidogo kila ndege ilipokaribia, kisha ukarudi. Nilikaa na fumbo hilo hadi nilipoelezwa na mtu mwenye leseni ya redio: wimbi lilikuwa linafika, ila redio haikujua kulisoma. AM na FM ni namna mbili tofauti za kubebesha sauti kwenye wimbi, na marubani huzungumza kwa AM. Redio yangu ilijua FM peke yake.

Tangu siku hiyo kila anayeniuliza anunue skana gani namjibu kwa swali: unataka kumsikia nani? Upana wa masafa ulioandikwa kwenye boksi ni jambo la mwisho kuangalia, ingawa ndilo la kwanza ambalo muuzaji atakuonyesha.

Kwa asiyejua kabisa, skana ni redio ya kupokea tu. Haitumi chochote. Inaruka kutoka masafa hadi masafa, ikikuta mtu anasema inasimama, akinyamaza inaendelea. Ya bandi pana huanzia chini kwenye mawimbi mafupi, au hata mawimbi ya kati, ikapanda hadi MHz 1000 na zaidi.

Hatua ya kwanza: karatasi na kalamu

Andika vitu vitatu unavyotaka kusikia. Usiandike "kila kitu", kwa sababu redio ya kila kitu ni ghali, na mara nyingi haifanyi hata kimoja vizuri.

Kama ni ndege, mazungumzo ya marubani na waongoza ndege yako kati ya 118 na 137 MHz, kwa AM. Masafa ya dharura ni 121.5 MHz dunia nzima. Weka pia 126.9 MHz, ambayo wageni wengi wa uraibu huu hawaijui: katika sehemu kubwa za anga ya Afrika ambako mawasiliano na ardhini ni hafifu, marubani hutangaziana wao kwa wao humo mahali walipo, kimo chao na wanakoelekea. Masafa ya mnara wa uwanja ulio karibu nawe usiyatafute kwa uvumi. Mamlaka za usafiri wa anga, KCAA kwa Kenya na TCAA kwa Tanzania, huyatoa katika kitabu cha taarifa za anga kiitwacho AIP.

Watu huuliza kwa nini ndege zimeng'ang'ania AM hadi leo. Sababu moja ni hii: marubani wawili wakibonyeza kwa pamoja, mwongozaji husikia mlio wa mgongano na kujua kuna mwingine aliyefunikwa. Kwa FM mwenye nguvu humzima mnyonge kabisa, na hakuna anayejua kwamba aliwahi kusema.

Kama ni meli, bandi yao ni 156 hadi 162 MHz, kwa FM. Chaneli 16, yaani 156.800 MHz, ndiyo ya kuitana na ya dharura. Wakishapatana huhamia chaneli nyingine kuendelea na kazi. Mombasa ndiko kiliko kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji baharini, kilichofunguliwa 2006, kwa hiyo anayekaa mwambao wetu hana uhaba wa vya kusikiliza.

Kuna waendeshaji wa redio amatea, yaani watu wenye leseni ya kuzungumza hewani kwa uraibu tu, 144 hadi 146 MHz na 430 hadi 440 MHz. Na kuna kile ambacho mimi hukipenda kuliko vyote: kituo cha kimataifa cha anga za juu, ISS, kinachozunguka kilomita 400 hivi juu yetu. Wanaanga wanapozungumza na wanafunzi sauti yao hushuka kwenye 145.800 MHz, kwa FM ya kawaida, na redio ndogo ya mkononi inatosha kuisikia. Njia ya ISS inapita juu ya Afrika Mashariki, na ikipita vizuri unakuwa nayo kama dakika kumi. Mara nyingine hutuma picha kwa sauti. Programu ya Robot36 kwenye simu ya Android husikiliza ule mlio na kuichora picha mstari kwa mstari mbele ya macho yako.

Mawimbi mafupi ni ulimwengu mwingine, nitayarudia.

Hatua ya pili: piga hesabu ya umbali kabla ya kuilaumu redio

Mawimbi ya ndege na meli hufuata mstari wa macho. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, utapata kilomita. Ndege iliyo mita 10,000 juu: kipeuo ni 100, kwa hiyo unaweza kuisikia ikiwa kilomita 400 na ushei kutoka kwako. Meli yenye antena mita 25 juu ya maji inafika kilomita 20 hivi. Nawe ukipanda juu ya ghorofa, mita 16, unaongeza nyingine 16. Jumla 36. Ukibaki chini uani, ukuta wa jirani na miti vinakula sehemu kubwa ya hizo.

Hesabu hii inaeleza jambo linalowasumbua wanaoanza: unamsikia rubani waziwazi akijibu, lakini humsikii anayezungumza naye. Redio haina ubovu. Rubani yuko juu, mwongozaji yuko ardhini nyuma ya upeo wa macho. Aliyeko Mombasa atamsikia rubani aliye juu ya Tsavo akiongea na Nairobi, na nusu ya pili ya mazungumzo huenda isimfikie.

Kwa hiyo pitia karatasi yako tena. Anayeishi Dodoma afute meli. Anayeishi chini ya njia ya ndege asitafute redio ya bei kubwa kwa ajili ya usikivu wa ziada. Ndege zinamfuata mwenyewe.

Hatua ya tatu: sheria

Hili ni fupi lakini lisirukwe. Matangazo ya umma na redio amatea hayana ugomvi karibu popote. Mengine hutofautiana nchi kwa nchi. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mawasiliano ya redio ya 2006 inakataza kusikiliza ujumbe usiokusudiwa wewe bila ruhusa, hata kama mtambo wenyewe unauzwa dukani kihalali. Kenya mwenye mamlaka ni CA, Tanzania ni TCRA, Uganda ni UCC. Hao ndio wa kuulizwa kuhusu kuingiza mtambo na kuutumia. Uliza kabla ya kuagiza, na uliza tena kabla ya kuitia redio kwenye begi la safari, kwa nchi unayokwenda na unayopitia. Unachosikia usikirekodi ukakisambaza. Mtu aliye baharini akiomba msaada si burudani ya kundi la WhatsApp.

Na kama ulikuwa unawaza kusikiliza polisi, achana nalo. Mbali na sheria, mawasiliano hayo yanazidi kuhamia mitambo ya kidijitali iliyofungwa kwa siri. Mtandao uliojengwa Kenya kwa mkataba wa 2014 unatumia teknolojia ya LTE, ile ile ya simu, na hakuna skana inayoufungua.

Hatua ya nne: soma karatasi ya vipimo, si boksi

Tafuta mambo haya kwa mpangilio huu.

Kwanza, namna za kupokea. AM kwa ndege, FM nyembamba kwa meli na amatea, FM pana kwa stesheni za muziki na habari, SSB, namna ya kutuma sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi, kwa mazungumzo ya mbali kwenye mawimbi mafupi. Hakikisha AM inafanya kazi katika 118 hadi 137 hasa. Redio nyingi za bei nafuu zinaandika 108 hadi 136 kwenye kioo lakini hazina AM humo. Baofeng UV-5R ya asili nayo haina AM ya ndege, ni ya FM tu. Quansheng UV-K5, ambayo bei yake haiko mbali sana, inapokea AM ya ndege tangu kiwandani.

Pili, mapengo. "25 hadi 960 MHz" si lazima iwe mfululizo. Uniden UBC125XLT hupokea 25 hadi 88, ikaruka, 108 hadi 174, ikaruka, 225 hadi 512, kisha 806 hadi 960. Stesheni za FM zimo ndani ya pengo la kwanza. Kwa anayetaka ndege na meli pengo hilo ni faida, kama utakavyoona hatua inayofuata.

Tatu, hatua za masafa. Ulaya wamegawa bandi ya ndege katika vipande vya 8.33 kHz. Msomaji wangu wa London au Hamburg asinunue redio ya zamani isiyo na hatua hiyo. Na wewe wa Afrika ukipewa chaguo kati ya toleo la Marekani na la Ulaya, chukua la Ulaya, maana Afrika na Ulaya ziko katika kanda moja ya kimataifa ya mgao wa masafa.

Nne, udijitali. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mifumo ya sauti ya kidijitali ni mingi, na kila mmoja una lugha yake: Icom IC-R30 inasoma P25, NXDN, dPMR na D-STAR, lakini haisomi DMR. AOR AR-DV10 inasoma DMR na nyingi nyingine. Zote mbili ni mitambo mizuri mno, na zote mbili ni pesa za kununulia simu kali. Lakini jiulize: katika vitu vitatu ulivyoandika kwenye karatasi, kipi ni cha kidijitali? Ndege ni AM. Meli ni FM. ISS ni FM. DMR utakayoisikia mjini kama ngurumo ya trekta mara nyingi ni walinzi na mahoteli, na mazungumzo yao si yetu.

Kasi ya kuskani nimeiacha makusudi. Icom IC-R6 inapitia chaneli 100 kwa sekunde na ina nafasi 1300 za kumbukumbu. Inavutia kuisoma, lakini ukiwa na orodha ya masafa ishirini, hata redio yenye robo ya kasi hiyo hairuki neno la maana.

Hatua ya tano: fahamu gharama ya upana

Nataka ukae hapa kidogo, kwa kuwa wauzaji hawalisemi hili.

Redio ni kama mlango. Mlango mpana unaingiza mgeni uliyemwalika na umati uliokuwa nje. Mjini umati huo ni minara ya FM, yenye nguvu kubwa, kati ya 88 na 108 MHz, jirani kabisa na bandi ya ndege. Redio ya bandi pana isiyo na vichujio vizuri hupokea nguvu hizo zote, ikalemewa. Dalili zake ni tatu: unasikia taarabu au mahubiri katikati ya 120 MHz ambako hakuna stesheni, unasikia mkwaruzo mzito kuliko kawaida, au, mbaya zaidi, husikii kitu, ukadhani pametulia.

Kipimo chake ni rahisi. Skana nyingi zina kitufe cha kupunguza nguvu, kimeandikwa ATT. Weka masafa ya ndege yenye mkwaruzo au muziki, bonyeza ATT. Kama muziki umetoweka na sauti ya rubani imebaki au imekuwa safi zaidi, redio ilikuwa imelemewa. Ajabu ya jambo hili ni kwamba kuongeza antena kubwa kunazidisha ugonjwa. Nimewaona watu wakinunua antena ya pili na ya tatu, kila moja ndefu kuliko iliyotangulia, na kila moja ikiwapa kidogo kuliko ya kwanza. Dawa ni kichujio kidogo kinachoziba 88 hadi 108 MHz, unakifunga kati ya antena na redio. Au hamia mahali: ufukweni, nyuma ya kilima, upande wa jengo usioangalia mnara.

Ndiyo maana nasema pengo la Uniden kwenye FM ni faida. Redio ambayo haikujengwa kuimba haina haja ya kufungulia minara ya muziki mlango.

Hatua ya sita: uamuzi

Nikiwa na mtu wa mwambao anayetaka ndege na meli, asiye na haja ya kingine, namwambia UBC125XLT. Ina chaneli 500, betri za kawaida za AA, na tundu la antena la BNC linalofunguka kwa robo ya mzunguko.

Anayetaka kitu cha kuingia mfuko wa shati, pamoja na redio ya FM na ya AM humo humo, achukue IC-R6, hata iliyotumika. Ajue tu kwamba haina SSB.

Mwanafunzi, au yeyote anayependa kujua mambo yanavyofanya kazi, aanze na kijiti cha RTL-SDR, kinachochomekwa kwenye kompyuta na kuigeuza kuwa redio. Bei yake ni ndogo sana, na badala ya kusikia masafa moja unayaona yote kwa pamoja kama mvua inayoshuka kwenye kioo. Kijiti hicho hicho ukikiweka 1090 MHz kinasoma ndege zinavyojitambulisha, ukaziona kwenye ramani. Udhaifu wake ni kwamba hakitembei. Ni cha mezani.

Mawimbi mafupi, naomba uyatenganishe. Skana ndogo ikiwa na antena yake ya mpira haisikii karibu kitu huko chini. Kwa miaka mingi wasikilizaji wa mbali duniani walikuwa wakiisaka Zanzibar kwenye 11735 kHz, na hawakuisaka kwa skana. Nunua redio ya mawimbi mafupi yenye SSB, kama Tecsun PL-330, tupa waya wa mita saba au kumi juu ya mti, kisha weka 11300 kHz usiku: unaweza kuwasikia marubani wa kutoka pande za Addis Ababa wakiita kwa SSB, sauti zao zikipanda na kushuka kama mawimbi ya bahari. Redio mbili za kawaida zitakupa furaha kuliko moja ghali.

IC-R30 na AR-DV10 ni za aliyekwisha kusikiliza mwaka mzima, akajua kwa jina kile ambacho redio yake haimpi.

Hatua ya saba: dukani, au kwa anayeuza yake

Nenda na vitu vitatu: betri mpya, spika za masikioni, na masafa mawili unayojua yana watu muda huo.

Fungua mahali pa betri kwanza. Huku pwani chumvi ya hewani hula shaba; ukiona ukijani kwenye vibanio, chukua kitambaa ukwangue, na kama chuma kimeliwa, acha. Zungusha kitufe kikubwa polepole, namba zipande moja moja bila kuruka wala kurudi. Bonyeza kila kitufe. Fungua skwelchi, ile inayonyamazisha mkwaruzo, uone inafunguka na kufunga pale pale kila mara. Chomeka spika za masikioni: redio nyingine hutoa sauti sikio moja tu kwa spika za stereo, na hilo si ubovu, ni la kujua mapema. Tikisa antena kidogo pale inapoingia. Sauti ikikatika, tundu limelegea ndani, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kisha weka masafa ya ndege, AM, mtoke nje ya duka pamoja na muuzaji. Subirini. Anayekataa kusubiri dakika kumi amekujibu.

Hatua ya nane: antena

Antena ya mpira iliyokuja nayo ni ya kuanzia tu. Ya kubana na kuvuta, ile ya chuma, ni bora zaidi, kwa sababu unaivuta hadi urefu unaotaka. Gawa 7500 kwa MHz, unapata sentimita. Ndege, 127 MHz: sentimita 59. Meli: 48. ISS: 51. Mimi nimechora alama tatu za rangi ya kucha kwenye yangu, nyekundu ya ndege, nyeupe ya meli, ya waridi ya ISS, na siku hizi sihitaji rula.

Ongeza mkia. Chukua waya laini wa sentimita zile zile, kwangua ncha moja, ifunge kwenye duara la nje la tundu la antena, iache ining'inie chini. Redio ya mkononi haina ardhi ya kutosha, na mkia huo unaipa. Haugharimu kitu, na stesheni iliyokuwa inakatika inakuwa ya kusikilizika.

Kabla ya kununua antena ya ziada tazama tundu. Redio nyingi za Kichina zina SMA, tundu dogo la skrubu, la dume upande wa redio, Icom zina jike, na UBC125XLT ina BNC. Antena ya moja haiingii kwa nyingine bila kiunganishi, na kulazimisha kwa koleo kumeua redio nyingi.

Hatua ya tisa: kikao cha kwanza

Usiingize masafa 300 uliyoyapata mtandaoni. Ingiza manane. Manne ya ndege: mnara wa karibu, mwongozaji wa ndege zilizo juu safarini, 121.5 na 126.9. Matatu ya meli: chaneli 16, na mbili unazosikia bandari yako ikihamia. Moja la ISS. Weka skwelchi pale mkwaruzo unapokatika tu, usizidishe, la sivyo walio mbali hawatafungua mlango. Weka daftari, saa na jina la aliyesema.

Kwa aliye Mombasa, kikao hicho akifanyie Mama Ngina, pale kwenye mibuyu, jioni bahari ikiwa imejaa. Nunua mihogo ya kukaanga, kaa ukiangalia mlango wa Kilindini. Kwanza utasikia jina la meli likiitwa mara mbili, na sauti ya baharini ikijibu kwa lafudhi ya mbali, ya Manila au Mumbai. Hutaona kitu bado. Watahama chaneli, nawe uwafuate. Utasikia rubani wa bandari akipanda, akiomba mwendo upunguzwe, kisha maneno mafupi mafupi na boti za kuvuta. Halafu nyuma ya mibuyu itatokea pua ya meli, kubwa kuliko jengo lolote la mtaani, ikipita karibu kiasi cha kusoma jina lake. Linganisha na ulichoandika kwenye daftari.